Visiwani, Watu Watatu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kama una sufuria jikoni iteremshe kwanza ndipo uendelee kusoma, maana nakujua: utasoma mstari mmoja, utakoroga mara mbili, mwisho utaunguza vyote viwili. Goti lako linaendeleaje? Na watoto wako wa chekechea, bado wanakuita Bibi Chaki? Natumaini mko salama. Sisi huku ni wazima, kwa maana ya kwamba tunakula, tunalala, na kila mmoja anakwenda kazini kwake na kurudi. Shemeji yako anakusalimu sana. Bado ni fundi wa lifti, kutwa anapanda na kushuka, na jioni yuko pale pale alipokuwa asubuhi.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Tangu tumzike mwanangu Chiriku sijakuandikia, sijakupigia, wala sijakanyaga kwako. Alikuja kwako likizo akiwa mzima, homa ikamshika akiwa mikononi mwako, na sisi tulipofika tulimkuta hospitali ya huko ameshakata roho. Jumbe zako zote nimezisoma, hata ile ndefu isiyo na nukta ambayo naona uliiandika ukilia. Shemeji yako ameniambia umemuuliza kama nina hasira nawe. Swali lako ni la haki na nitalijibu, ila nitalijibu kwa njia yangu, polepole. Unajua mimi sikati kitambaa kabla ya kupima.

Kazi ya mapazia inaendelea. Wateja hawaishi, kila mtu anataka kujificha. Bosi wetu, yule tunayemwita Jenerali, ameongeza cherehani mbili na kelele zimeongezeka kwa kiasi hicho hicho. Siku moja nilikuwa napinda pindo la pazia zito la ukumbi, nikaona doa jekundu kwenye kitambaa. Nikakasirika, nikadhani kuna mtu kanimwagia kitu. Kumbe ni damu. Sindano ilikuwa imeniingia kidoleni ikatokea upande wa pili, na mimi naendelea kukanyaga pedeli. Sikusikia kitu, Dada. Nilijua kwa kuona. Wenzangu walipiga ukelele wote, mimi nikawa nawaza tu kwamba doa la damu halitoki kwa maji ya moto.

Jenerali alinifunga kidole mwenyewe, huku akinitukana kwa ujinga wangu. Halafu sauti yake ikashuka, jambo ambalo hatujawahi kulisikia, akasema kidole kitapona chenyewe, lakini mtu asiyesikia sindano ana ganzi mahali pengine, na hiyo ndiyo inayotakiwa kupelekwa hospitali. Alinipa ruhusa ya siku nzima. Nilidhani ananifukuza kazi kwa upole.

Basi tukaenda kwa mshauri wa hospitali, mimi na shemeji yako. Ni mama mtu mzima, mnene kidogo, chumba chake naona zamani kilikuwa stoo, kwa sababu magongo ya wagonjwa bado yamesimamishwa pembeni. Alituuliza tunazungumza nini tukiwa nyumbani. Shemeji yako akafikiri sana, akasema gesi. Ikiisha tunaambiana. Mimi nikaongeza kwamba na takataka pia, siku ya kutolewa. Yule mama hakucheka wala hakutuhurumia, nikampenda kwa hilo. Akasema tusizungumze habari za mtoto kwa sasa, maana tungeumizana bure. Akatupa kazi ya nyumbani. Tupange safari, ya mbali, ya kifahari, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Si lazima twende, alisema, tupange tu. Na akatuwekea sharti: kila jioni mmoja achague kitu kimoja, na mwenzake asikikatae wala asiulize sababu.

Mimi niliona ni mchezo wa watoto. Lakini shemeji yako ni mtu wa maelekezo, ukimwambia kaza parafujo nne hawezi kukaza tatu. Kesho yake alirudi na ramani kubwa ya bahari, akaitandaza juu ya meza baada ya chakula, akaikandamiza pembe kwa vikombe. Akaniambia nianze. Nikafumba macho nikaweka kidole, kile kile chenye bandeji, kikaangukia katikati ya maji. Akasema chagua nchi kavu, mke wangu, tusife maji kabla hatujafika. Ilikuwa ni mzaha. Mimi nilisikia kwamba ni mzaha, kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Nikasogeza kidole kwenye nukta za karibu, na hivyo ndivyo tulivyopata visiwa vyetu, msururu wake wote, vimepangana kama vifungo vya shati.

Siku zilizofuata tuliendelea. Yeye alichagua kisiwa cha kwanza kwa ajili ya ufukwe, mchanga mweupe na maji ya magotini, mtu anakaa tu kama mzigo uliosahauliwa. Mimi nikachagua cha mwisho, chenye volkano. Inasemekana inatoa moshi mchana kutwa na haimdhuru mtu, unapanda asubuhi na fimbo mkononi, na ukifika juu unasikia joto la ardhi kupitia soli ya kiatu. Nilichagua hiyo kwa sababu nilitaka kujua kama nitalisikia. Halafu jioni moja yeye akaweka kidole kwenye kisiwa cha kati akasema hapa tutateleza juu ya mawimbi kwa ubao. Dada, unamjua shemeji yako. Mtu ambaye hata kwenye beseni la kuogea anashika ukingo! Nilikuwa karibu kumcheka. Kisha nikakumbuka meza yangu ya kupigia pasi, ile aliyoivunja Chiriku kwa kusimama juu yake, mikono ameinyoosha, akitupigia kelele tumwangalie anavyopanda wimbi. Shemeji yako alikuwa anaangalia ramani. Sharti lilikuwa tusiulizane sababu, na sikumuuliza.

Ramani ikishakuwa na vidole vyote hivyo, mtu anataka kujua boti zinaondoka lini. Hapo ndipo tulipoingia ofisi ya safari. Iko mtaa wa nyuma ya kazini kwangu, kati ya duka la dawa na watu wa fotokopi, imebandikwa picha ya kisiwa iliyopauka kwa jua mpaka bahari imekuwa rangi ya maziwa. Pazia lao ni fupi kuliko dirisha, aibu tupu, lakini nilijizuia. Kwa kuwa zamu zetu haziendani, tulikubaliana kila mmoja apitie pale kwa wakati wake kupanga vile vitu alivyochagua mwenyewe. Mimi mapumziko ya mchana, yeye akitoka kwenye lifti zake.

Pale kuna binti mmoja, kucha ndefu, kicheko karibu, kazi anaijua. Siku yangu ya kwanza aliniuliza tuko wangapi. Nikasema watatu.

Sikukusudia, Dada. Mdomo ulinitangulia. Kwa miaka yote hiyo nikiulizwa wangapi jibu langu lilikuwa hilo, kwenye nyumba za wageni, kwenye kliniki ya meno, kwenye harusi za watu. Na nafasi ya kujisahihisha niliipata. Yule binti alikohoa, akanywa maji, akatafuta kalamu aliyokuwa ameichomeka kwenye nywele zake mwenyewe. Nikamwonyesha ilipo. Akauliza mtoto ana miaka mingapi, kwa sababu mafunzo ya ubao yana umri wake. Nikajibu kumi na mmoja. Chiriku alituacha akiwa na kumi, wewe unajua, keki mliikata kwako. Huo mwaka wa juu nimempa mimi.

Ungedhani niliporudi kazini mikono ilitetemeka. Wapi! Nilishona mapazia ya sebule nzima na mishono ilinyooka. Kesho yake nikarudi pale, na keshokutwa, hata chakula cha mchana nikawa sili. Binti alikuwa na maswali mengi. Mtoto anajua kuogelea? Anajua, ila hapendi kuzamisha kichwa. Boti zinamsumbua? Zinamsumbua, apewe kiti cha mbele na kitu cha kutafuna. Ana chakula asichokula? Nikamweleza chote, mpaka yale mambo ya ute wa yai. Nakwambia ukweli bila kuupaka rangi, zile ndizo saa nzuri pekee nilizozipata tangu msiba. Mtu ananiuliza habari za mwanangu na mimi nina majibu. Hakuna aliyekuwa akiniuliza tena, watu wote wanainamisha macho wanaponiona.

Basi siku moja binti akanipigia simu kazini, Jenerali amesimama nyuma yangu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka na wateja wasioelewana. Akasema mama, naomba wewe na baba mkae mkubaliane, maana mnanichanganya. Wewe uliniambia kitanda cha mtoto kiwe upande wa ukuta kwa sababu anaanguka usiku, lakini baba alipita jana amesema kiwe dirishani, mtoto asipoona nje halali. Sasa mimi nimsikilize nani?

Nilishika simu nikaangalia cherehani. Shemeji yako naye, kumbe. Alikuwa akienda pale jioni, na ovaroli yake na grisi yake, anaulizwa wangapi na anasema watatu. Na kuhusu kitanda alikuwa sahihi yeye, Chiriku alikuwa mtu wa dirisha. Nikamwambia binti amsikilize baba. Jenerali akauliza nani, nikasema mteja, habari za madirisha.

Nyumbani sikumwambia kitu, na yeye hakuniambia. Tulikula, tukakunja ramani, tukaambiana gesi inakaribia kuisha. Nilimwangalia akiosha vikombe na nikatamani kumgusa mgongo, nikashindwa kwa sababu sikujua ningesema nini baada ya hapo. Wawili tunaishi nyumba moja, kila mmoja anamficha mtoto yule yule asionekane na mwenzake.

Halafu ikaja siku ya kuthibitisha, na kwa hiyo ilitakiwa twende wote wawili. Nilijua. Naye alijua, maana simu ya binti alishaipata na yeye pia. Tukavaa nguo nzuri kama watu wanaokwenda kubatizwa, tukakaa kwenye viti viwili mbele ya meza, na yule binti akaenda kuvuta cha tatu akaweka mkoba wake hapo. Akatusomea safari yote kwa sauti, na furaha yake ya kazi. Kisiwa cha kwanza, baba na mama watapumzika ufukweni, mtoto atakuwa na kundi la watoto wenzake. Kisiwa cha pili, baba atafundishwa ubao kwenye mawimbi madogo pamoja na mtoto, mama atawapiga picha. Cha mwisho wote watapanda volkano, lakini kwa njia fupi kwa ajili ya mtoto, asichoke. Kila alipotaja mtoto nilisubiri mmoja wetu aseme. Shemeji yako alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Sikuwa na huzuni, Dada, wala hofu. Nilikuwa nasikiliza kama mtu anayesomewa habari za jamaa fulani wenye bahati.

Alipomaliza akashika kalamu akaomba majina kamili. La shemeji yako, akaandika. La kwangu, akaandika. Akasema sasa la mtoto. Akatuangalia mmoja baada ya mwingine, akacheka, akasema mnanishangaza nyie, jina la mtoto wenu mmesahau? Yuko wapi mwenyewe, kwa nini hamkuja naye achague ubao wake?

Na shemeji yako akamjibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba yuko kwa mama yake mkubwa.

Yaani kwako. Binti akasema ahaa, likizo. Akafunga kalamu. Akasema basi hakuna haraka, nafasi zote tatu atazishikilia, tukishakwenda kumchukua tupitie naye pale. Tukamshukuru, tukatoka.

Tulifika mpaka kwenye ngazi za duka la dawa, shemeji yako akakaa pale chini watu wakimruka. Nikakaa karibu naye. Nikamuuliza kwa nini amesema vile. Akaniambia hakusema uongo, hicho ndicho anachowaambia watu wote wanaouliza, kwenye majengo yote anakotengeneza lifti, kwa sababu ndicho kitu cha mwisho anachokijua kwa hakika. Alimpandisha basi yeye mwenyewe, akamfungia mkoba, akamwambia ukafike salama kwa mama mkubwa. Baada ya hapo, anasema, yote aliyoyaona ni ya mtu mwingine. Hospitali, jeneza, makaburi, hayo aliyaona, lakini huyo hakuwa yule aliyempandisha basi. Yule bado yuko kwako anakusumbua kwa maswali. Akalia palepale, mtu mzima na kofia yake, na muuza dawa akamletea maji.

Sasa nijibu swali lako. Hasira nilikuwa nayo, ndiyo, mwanzoni, na ilikuwa juu yako. Niliwaza mbona hukumkimbiza hospitali usiku ule ule, mbona ulisubiri kupambazuke. Daktari alitueleza mapema sana kwamba hata angekuwa kifuani mwangu ingekuwa vile vile, na nilimwamini, na ile hasira ikafa yenyewe bila hata mimi kuizika. Imekwisha zamani. Ungeuliza mapema ungejua, na ningekuwa mtu ningekwambia bila kuulizwa. Umeteseka bure na mimi nikakuacha uteseke, kwa sababu ilinifaa udhani ni hasira.

Ukweli ni huu, nilioujua nikiwa nimekaa kwenye zile ngazi. Sijaja kwako kwa sababu nisipokuja, bado yuko huko. Kitanda chake kiko kwako, viatu vyake vya kuchezea viko kwako, mkoba ambao baba yake alimfungia uko kwako na hakuna aliyeuleta. Hatukupita kwako siku ile, tulitoka hospitali tukaja moja kwa moja na jeneza. Ulipoandika kwamba utavituma vitu, sikujibu. Ulipoandika kwamba utavileta mwenyewe, nikazima simu. Nilijua nikiingia mlango wako na chumba kikiwa kimya, basi. Kwa hiyo nimekuachia wewe mtoto wangu muda wote huu, Dada. Nimekuacha ukae naye peke yako kwenye nyumba hiyo, unafagia kuzunguka viatu vyake, ukidhani nakuchukia.

Tumezungumza, mimi na baba yake, mpaka gesi ikaisha kweli na hakuna aliyejali. Ofisi ya safari tutarudi, na yule binti tutamwambia, masikini, itamvunja moyo. Kama visiwani tutakwenda wawili, au hatutakwenda kabisa, sijui, usiniulize kwa sasa. Hilo haliwezi kuja kwanza.

Jumamosi tunakuja kumchukua. Usipike chochote cha maana na usiite watu. Usifue nguo zake, kama bado hujazifua. Mkoba wake uache kama ulivyo, nitaufungasha mwenyewe. Mimi sijui nitakuwaje nikifika, huenda nikasimama tu mlangoni kama gogo, huenda nikakupigia kelele za mambo ambayo nimeshasema yamekwisha. Nivumilie. Jana nilichoma kidole kwa pini ndogo tu na nikasema ai, na Jenerali akageuka kuniangalia.

Wasalimie watoto wa chekechea, wape wote peremende kwa jina langu, hata yule anayeng'ata wenzake. Na goti lako lipumzishe, tutabeba mizigo wenyewe.

Asante kwa kumtunza. Amekaa kwako muda mrefu.

Ni mimi, mdogo wako,
Mama Chiriku